Maua ya Kitambaa ya Kutengeneza kwa Mkono: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa watu wanaoanza kazi hii, na mengine niliyauliza mimi mwenyewe zamani bila kupata wa kunijibu. Baada ya kuyasikia mara nyingi nimegundua kwamba mengi yao ni swali moja lililobadilisha nguo: je, kitambaa hiki kitakubali ninachotaka kukifanyia? Kwa hiyo usishangae nikirudi kwenye kitambaa hata pale unapouliza habari za gundi au mshumaa.

Ninahitaji vifaa gani ili kuanza?

Vichache kuliko unavyodhani. Mkasi mkali ambao haukati karatasi, maana karatasi humaliza makali haraka. Sindano nyembamba ya mkono. Uzi imara wa poliesta wa rangi inayokaribiana na kitambaa. Chaki ya fundi au penseli. Na kadibodi ya kukatia violezo. Ongeza subana kama vidole vyako havipendi kuchomwa.

Bunduki ya gundi, kibano, waya, shanga na mkasi wa meno vinaweza kusubiri. Nimeona watu wakinunua sanduku zima la vifaa kabla ya kukata petali moja, kisha sanduku likaishia juu ya kabati. Tengeneza maua matano kwanza. Baada ya hapo utajua mwenyewe unachokikosa.

Je, lazima nijue kushona?

Hapana. Ukiweza kutia uzi kwenye sindano, kufunga fundo na kupiga bandi, yaani ule mshono mwepesi wa kuingia na kutoka, unatosha. Cherehani haihitajiki kabisa, na kwa petali ndogo ni kero tu.

Kitambaa gani ni bora?

Inategemea ua. Hili ndilo jibu ambalo watu hawalipendi, lakini ndilo la kweli, kwa hiyo acha nilifafanue.

Pamba nyepesi, kama ya shati, hushika mkunjo. Ukiikunja na kuipitishia kidole inabaki ilivyokunjwa. Inafaa kwa maua ya kukunja, ya kuvuta marinda na ya kuviringisha. Ubaya wake ni kwamba kingo zake hufumuka nyuzi na haziwezi kuzuiwa kwa moto, kwa sababu pamba haiyeyuki, inaungua.

Satini ya poliesta inang'aa na kingo zake huyeyuka zikifikiwa na joto, hivyo petali hujifunga zenyewe na kujikunja kidogo, kama petali halisi inayoanza kufunguka. Ndiyo kitambaa cha yale mawaridi unayoyaona pichani. Lakini inateleza mkononi, inaonyesha kila tone la gundi, na sindano nene huiachia tundu.

Shifoni na oganza ni nyepesi na zinapitisha mwanga. Ua la tabaka nyingi za oganza linaonekana kama lina hewa ndani yake. Oganza imekakamaa, hivyo husimama, shifoni hulala. Ukitaka petali inayosimama kwa shifoni itabidi uigumishe kwanza au uweke tabaka nyingi zinazosukumana.

Felti haijafumwa. Nyuzi zake zimeshikamana kwa kugandamizwa, ndiyo maana haifumuki hata ukiikata ovyo. Ni rafiki wa mtoto na wa mtu mwenye haraka. Ila ni nene, na ua lenye petali nyingi za felti huwa zito kama kitasa.

Mahameli hutoa petali zenye kina cha rangi ambacho hakuna kitambaa kingine hutoa, hasa nyekundu iliyoiva na zambarau. Sikushauri uanze nayo: inamwaga vumbi la nyuzi kila unapokata, na ukiigandamiza vibaya alama haifutiki. Jinzi kuukuu nayo ina uzuri wake, na pale kufumuka si kasoro bali ni pambo: ile mikia myeupe pembeni ndiyo inayofanya ua lipendeze.

Wengi huanza na satini kwa sababu ya picha, na wengi hukata tamaa hapohapo. Anza na shati kuukuu la pamba. Limefuliwa mara nyingi, haliwezi kusinyaa tena, limelainika, na ukiliharibu hakuna aliyeumia.

Nina vipande vya kitambaa visivyo na lebo. Nitajuaje ni vya aina gani?

Tumia moto, kwa uangalifu. Kata kipande chembamba cha sentimita 2 kwa 5, kishike kwa kibano cha chuma (si kwa vidole), simama juu ya sinki au sahani ya bati yenye maji, kisha sogeza ncha kwenye mwali. Angalia mambo matatu: jinsi kinavyoukaribia moto, harufu yake, na kinachobaki.

Pamba na kitani hushika moto upesi, hunuka kama karatasi inayoungua, na huacha jivu laini la kijivu linalosagika kwa kidole. Poliesta na nailoni hujikunyata na kuukimbia mwali, huyeyuka, kisha huacha kitone kigumu kisichosagika. Usikiguse kikiwa cha moto, kwa sababu hunata kwenye ngozi kama lami. Hariri na sufu hunuka nywele zilizoungua, huwaka kwa kusitasita, na huacha kitone cheusi ambacho, tofauti na cha poliesta, kinasagika.

Vitambaa vya mchanganyiko hutoa majibu ya mchanganyiko: vinawaka na kuyeyuka pamoja. Hivyo usivitumie kwa petali za kuyeyusha kingo, maana upande mmoja utajifunga na mwingine utawaka.

Kwa nini kingo za petali zangu zinafumuka?

Kwa sababu kitambaa kilichofumwa ni nyuzi za mtande (za urefu) na za mshindio (za upana) zilizopishana tu, hazijaunganishwa na kitu. Ukikata, unaziacha huru. Kuna njia nne za kukabiliana na hilo, nami nitazitaja kwa mpangilio ninaoupenda.

Ya kwanza ni kukata mshazari, yaani petali ilale kwa pembe ya nyuzi 45 dhidi ya mtande. Kitambaa kilichokatwa hivyo hufumuka kidogo sana, na zaidi ya hapo kinanyumbulika: ukikivuta kwa dole gumba katikati, kinabonyea na kuwa kama kijiko. Faida hii ya pili ndiyo inayonifanya nikate karibu kila petali mshazari, hata kama inakula kitambaa zaidi.

Ya pili ni kugumisha kitambaa kabla ya kukata (nitaeleza hapa chini). Ya tatu ni moto, kwa poliesta na nailoni peke yake. Ya nne ni kuficha: kunja petali ili ukingo mbichi uende ndani. Maua mengi ya kale yalitumia njia hii ya nne, ndiyo maana yamekunjwakunjwa.

Kuna na gundi maalumu ya kuzuia kufumuka inayopakwa pembeni. Inafanya kazi, ila ikikauka huacha mstari mweusi kidogo kwenye vitambaa vyepesi. Ijaribu kwenye kipande kwanza.

Ninapotumia mshumaa petali zinakuwa nyeusi. Nakosea wapi?

Unazishika juu ya ncha ya mwali. Ule mwali wa njano wa mshumaa una masizi, na masizi hupanda juu. Shika petali pembeni ya mwali, karibu na sehemu ya chini yenye ubuluu, na usiigusishe moto. Joto pekee linatosha. Izungushe polepole kama unavyougeuza ufunguo. Ukiona ukingo umeanza kung'aa na kujikunja, ondoa.

Kama unatengeneza nyingi, taa ndogo ya spiriti ni safi zaidi kuliko mshumaa. Fungua madirisha, kwa sababu moshi wa poliesta si wa kuvuta. Funga nywele nyuma, weka bakuli la maji karibu, na usivae mikono mipana. Upande unaojikunja ni ule ulioelekea joto, kwa hiyo ukitaka petali zote zielekee ndani, elekeza upande mmoja kwa zote. Hili dogo hubadilisha ua zima.

Nianze na ua gani?

Ua la petali tano za marinda. Kata duara tano za pamba zenye kipenyo cha sentimita 7. Kunja duara moja katikati liwe nusu mwezi. Tumia uzi wa mikunjo miwili wenye fundo imara, kisha piga bandi kwenye ule upande wa mviringo, milimita 3 kutoka ukingoni, kupitia tabaka zote mbili. Mishono iwe ya milimita 4 hadi 5. Vuta uzi: nusu mwezi itajikusanya na kuwa petali yenye tumbo.

Usikate uzi. Chukua duara la pili, likunje, piga bandi ukiendelea na uzi uleule, vuta. Fanya hivyo mpaka tano ziwe zimepangana kwenye uzi kama shanga. Rudisha sindano kwenye petali ya kwanza, vuta kwa nguvu ili zizunguke na kukutana, funga mafundo mawili nyuma. Utapata ua la takribani sentimita 7, lenye tundu dogo katikati. Kifungo au shanga hufunika tundu hilo.

Tundu likiwa kubwa mno, mara nyingi si kwamba hukuvuta vya kutosha. Ni kwamba mishono yako ilikuwa midogo sana, ikatengeneza marinda mengi madogo yanayogombania nafasi. Mishono mikubwa hujikunja mara chache na kubanana vizuri zaidi. Na uzi ukikatika wakati wa kuvuta, usiulaumu mkono wako, badilisha uzi. Nyuzi za pamba za zamani hukatika hata ukizitazama vibaya.

Na kama sitaki kushona kabisa?

Waridi la kuviringisha. Kata utepe wa kitambaa wenye upana wa sentimita 5 na urefu wa sentimita 70, ukunje katikati kwa urefu wake. Funga fundo upande mmoja. Fundo hilo ndilo kitovu. Weka tone la gundi, anza kuuzungusha utepe kuzunguka fundo, na kila baada ya nusu mzunguko upindue utepe kwa nje. Kupindua ndiko kunakotengeneza petali. Ukisahau kupindua utapata konokono.

Utepe uliochanwa kwa mkono badala ya kukatwa kwa mkasi hutoa waridi la kishamba lenye nyuzi pembeni. Mimi nalipenda kuliko lile lililo nadhifu, lakini wapo wasiokubaliana nami.

Kwa nini waridi langu linafanana na kabichi?

Swali hili lilinichekesha mara ya kwanza, kisha nikatazama waridi langu na kunyamaza.

Sababu ni mbili. Kwanza, petali zote ni za ukubwa mmoja. Kwenye waridi halisi, za ndani ni ndogo na zimebanana, za nje ni pana na zimelegea. Kata violezo vitatu: kidogo cha urefu wa sentimita 4, cha kati 5, kikubwa 6. Pili, umepanga petali moja kwa moja juu ya nyingine. Petali ya waridi huanzia katikati ya ile iliyotangulia, kama vigae vya paa, kwa hiyo hakuna mstari unaopanda kutoka chini hadi juu.

Mpangilio unaonifaa ni huu: petali 1 imeviringishwa kabisa kama kichipukizi, kisha 2 zinazokumbatiana, kisha 3, kisha 5 kubwa. Jumla 11. Kwa ua lililofunguka sana ongeza 5 nyingine za kubwa zaidi, ukizipindua kingo kwa nje. Shina la kila petali liwe chini sawasawa, lakini ncha za petali za nje ziwe chini kidogo kuliko za ndani, ndipo ua lionekane linafunguka.

Kabla ya kupanga, tafuta ua halisi na ulibomoe. Mimi hubomoa moja kila ninapojaribu aina mpya: nalitoa petali moja moja, nazipanga mezani kwa mfuatano, nazichora kwenye kadibodi. Waridi la porini lina petali 5 tu. Lili lina 6. Mawaridi ya bustani yanaweza kuwa na makumi. Hesabu sahihi huleta uhalisi kuliko ustadi wa mkono.

Gundi au uzi?

Kitu kitakachovaliwa, kuoshwa au kupigwa jua, shona. Kitu kitakachokaa ukutani au kwenye fremu, gundi inatosha.

Gundi ya moto ni ya haraka, lakini ina tabia zake. Bunduki za joto la juu hufikia takribani nyuzi 190 za selsiasi, za joto la chini karibu 120. Ile ya juu inaweza kuyeyusha satini na oganza mbele ya macho yako, na inaunguza vidole vibaya. Ya joto la chini inatosha kwa maua. Lakini kumbuka kwamba kilichoyeyushwa na joto hulegezwa na joto: ua lililoachwa ndani ya gari lililofungwa juani linaweza kufunguka petali lenyewe. Zile nyuzi nyembamba kama utando wa buibui zinazobaki hutoka ukizipulizia hewa ya moto ya kukaushia nywele kwa sekunde chache.

Gundi nyeupe ya mbao ni ya polepole, ila ikikauka haionekani, na inakupa nafasi ya kurekebisha. Iache usiku kucha kabla ya kuligusa ua. Gundi ya papo hapo siipendekezi: hugumisha kitambaa kama bati na huacha doa jeupe.

Ninawezaje kufanya petali zisimame?

Gumisha kitambaa kabla ya kukikata. Koroga kijiko kimoja cha chakula cha wanga wa mahindi kwenye maji baridi kidogo mpaka kusiwe na madonge, mimina kwenye vikombe viwili vya maji yanayochemka huku ukikoroga, acha hadi ung'ae, kisha upoe. Chovya kitambaa, kikamue kwa vidole, kianike kikiwa kimenyooka, kipige pasi kikiwa bado na unyevu kidogo. Kikikauka kitakuwa na sauti kama karatasi, na kitakatika kwa usafi.

Gundi nyeupe iliyoyeyushwa kwa sehemu moja ya gundi na mbili za maji hutoa ugumu zaidi na haiogopi unyevu kama wanga. Wanga una adui mwingine pia: wadudu wanaula. Maua yaliyogumishwa kwa wanga yasihifadhiwe miaka mingi kwenye sanduku lenye giza bila kukaguliwa. Njia ya tatu ni gamstei, ile kanvasi ya kubandika kwa pasi ambayo mafundi huiweka kwenye kola. Hii ni kwa petali kubwa, maana inaongeza unene.

Kitambaa kilichogumishwa hukubali kufinyangwa kwa joto. Watengenezaji maua wa Ufaransa na Japani hutumia vyuma maalumu vyenye vichwa vya mviringo. Mimi hutumia mgongo wa kijiko cha chuma kilichopashwa moto. Weka petali juu ya taulo lililokunjwa, gandamiza katikati kwa kijiko na uzungushe. Inabonyea na kubaki hivyo. Jaribu joto kwenye kipande cha ziada kwanza, kila siku, hata kama jana lilikuwa sawa.

Kanzashi ni nini hasa?

Kwa haki, kanzashi ni pambo la nywele la Kijapani, la aina yoyote. Ufundi wa kukunja vipande vidogo vya kitambaa kuwa petali unaitwa tsumami, neno lenye maana ya kubana kwa ncha za vidole. Ulistawi katika kipindi cha Edo, kati ya 1603 na 1868, ukitumia hariri nyembamba na gundi ya wali, na mpaka leo mafundi wake hufanya kazi kwa kibano badala ya vidole.

Petali ya ncha kali hutengenezwa hivi: kata mraba wa sentimita 5, ukunje kona kwa kona upate pembetatu, ukunje tena katikati, kisha mara ya tatu, ukiibana kwa kibano ili tabaka zisiachane. Kata kidogo chini pale tabaka zinapokutana, funga kwa gundi au kwa mshono. Petali ya mviringo huanza vivyo hivyo, ila kwenye mkunjo wa tatu zile pembe mbili hurudishwa nyuma, na mbele hubaki mdomo uliofunguka kama kombe. Pamba nyepesi iliyopigwa pasi vizuri inafanya kazi hii. Satini nene haifanyi.

Katikati ya ua niweke nini?

Kifungo, shanga, duara dogo la kitambaa lililojazwa pamba. Hizo ni njia za haraka. Ukitaka stameni, yaani zile nyuzi za katikati ya ua zenye chavua, zinazoonekana za kweli, zungusha uzi wa njano kwenye vidole viwili mara 30, funga katikati, kata vitanzi, chovya ncha kwenye gundi nyeupe kisha kwenye unga laini wa mbao uliotiwa rangi. Zikikauka zina vichwa vidogo kama chavua.

Nasisitiza katikati kwa sababu jicho huenda hapo kwanza. Ua lenye petali za kawaida na kitovu kizuri hupita. Ua lenye petali nzuri na kifungo cha plastiki cha shati katikati halipiti.

Ninaweza kupaka kitambaa rangi mwenyewe?

Ndiyo, na petali zenye rangi inayofifia kutoka katikati kwenda nje ndizo zinazotenganisha ua la duka na ua la mkono. Pamba, kitani na hariri hukubali rangi za kawaida za nguo. Poliesta huzikataa, inataka rangi yake maalumu na joto kali, kwa hiyo kwa poliesta tumia rangi ya kupaka juu ya kitambaa iliyoongezwa maji.

Lowanisha petali kwa maji safi kwanza, zikamue, kisha chovya ukingo tu kwenye rangi. Rangi itapanda yenyewe kwa kufuata unyevu na kufifia njiani. Zilaze kwenye kitambaa kinachofyonza na usizihamishe mpaka zikauke. Zikikauka zitakuwa nyepesi kuliko ulivyoziona zikiwa mbichi, hivyo rangi inayoonekana imekolea kupita kiasi kidogo ndiyo sahihi.

Vaa glavu, na usitumie sufuria ya kupikia. Katika karne ya 19 majani ya maua ya bandia huko Ulaya yalipakwa unga wa kijani uliokuwa na arseniki. Novemba 1861 jijini London alifariki Matilda Scheurer, msichana wa miaka 19 ambaye kazi yake ilikuwa kupuliza unga huo juu ya majani. Sumu hiyo haimo kwenye rangi za nguo za leo, lakini unga wa rangi bado haufai kuvutwa puani. Ukoroge majini taratibu, mbali na feni.

Shina na majani je?

Waya wa unene wa milimita 1 kwa shina, na mwembamba wa nusu milimita kwa majani. Bandika waya mwembamba kati ya tabaka mbili za kitambaa cha kijani, acha gundi ikauke, kisha kata umbo la jani ukiwa na waya katikati kama mshipa. Funika shina kwa utepe mwembamba uliokatwa mshazari, ukiuzungusha kwa mwinamo na kuuvuta kidogo. Usikate waya kwa mkasi wa kitambaa. Nimeharibu mkasi mmoja hivyo, na bado naukumbuka.

Nitaliwekaje kwenye kibanio cha nywele au kwenye nguo?

Kata duara la felti dogo kuliko ua. Toboa mipasuko miwili, pitisha kibanio au pini humo, kisha bandika au shona duara hilo nyuma ya ua. Felti inaficha mafundo yote na inashika gundi vizuri kuliko chuma kitupu. Kwa nguo zinazofuliwa, weka pini ili ua litolewe kabla ya kufua.

Watoto wanaweza kufanya?

Wanaweza, kwa felti, kifungo kikubwa na sindano butu. Moto, bunduki ya gundi na mkasi mkali vibaki kwako. Shanga na vifungo ziwe mbali na walio chini ya miaka mitatu, kwa sababu huvitia mdomoni.

Nitayasafishaje maua yaliyoingia vumbi?

Brashi laini ya rangi na hewa baridi ya kukaushia nywele vinatosha mara nyingi. Maua ya pamba yaliyoshonwa bila wanga unaweza kuyachovya kwenye maji vuguvugu yenye sabuni kidogo, kuyasuuza na kuyaanika kwa kuyaning'iniza kichwa chini kivulini. Usiyakamue. Yaliyogandamizwa hufufuka kwa mvuke: yashike umbali wa sentimita 20 juu ya birika linalochemka na uyanyooshe kwa vidole yakiwa bado na joto. Usifanye hivyo kwa ua la gundi ya moto wala lililogumishwa kwa wanga.

Jua la dirishani hufifisha rangi, hasa nyekundu na zambarau. Hilo halina dawa zaidi ya kulihamisha ua.

Ua moja huchukua muda gani, na nikitaka kuuza nihesabuje?

La petali tano, dakika 20 ukishazoea. Waridi la petali 11 zenye kingo za kuyeyusha, karibu saa moja. Kanzashi ya tabaka mbili, zaidi ya hapo.

Kwa kuuza, usipime muda kwa ua la kwanza, lilikuwa somo. Pima kwa la kumi. Hesabu kitambaa pamoja na mabaki yaliyotupwa (kukata mshazari kunaacha mabaki mengi), uzi, gundi, kibanio, kisha saa zako. Na ukipokea oda ya maua mengi yanayofanana, nunua kitambaa chote siku moja kutoka kwenye jora moja. Nyekundu ya wiki hii na nyekundu ya wiki ijayo haziko sawa, na mteja ataliona hilo kabla yako.